Mpiga Picha Mwenzako Si Adui Yako

Leo sitaongea juu ya chakula wala makaratasi, ingawa najua hayo ndiyo yako kwa kila mdomo saa hii. Nataka tuongee juu ya sisi wapiga picha.

Ukweli ni huu: hatupendani. Tukikutana njiani tunasalimiana vizuri, tunaitana ndugu, mtandaoni tunawekeana alama za moyo. Lakini kazi ikija, kila mtu anaikimbilia peke yake na kuificha. Mwenye betri mbili anasema ana moja. Aliyejifunza kusafisha picha kwa kompyuta hataki kumfundisha mtu. Aliyepata mteja wa harusi anasema anaenda kumuona shangazi yake Kakuma 3, kumbe kamera iko kwenye begi.

Maoni yangu ni kwamba tabia hii inatufanya maskini kuliko ukosefu wa kamera. Kamera zipo. Si nyingi, lakini zipo. Kitu ambacho hatuna ni kufanya kazi pamoja, na kwa sababu hatuna hicho, hata kamera zilizopo hazitupi chochote cha maana. Naomba unisomee mpaka mwisho, halafu ukitaka kunipinga unipinge.

Kwanza tuelewane tunaongea juu ya nani. Kuna yule mwenye kibanda cha picha za pasipoti, mwenye kitambaa cha bluu nyuma na printa inayokula wino. Kuna wa harusi, ubatizo, Idi, mahafali na matanga. Kuna wanaotengeneza video za wanamuziki wetu. Kuna waliofundishwa na mashirika, wakapewa kamera kwa miezi mitatu halafu ikarudishwa stoo. Na kuna yule ambaye ana simu tu, lakini jicho lake linaona kuliko wote. Sisi Wakongomani tunasema foto, Wakenya wanasema picha, kazi ni ile ile. Hao wote ndio naita wapiga picha.

Sasa tuanze na pesa, juu pesa ndiyo inatugombanisha. Tuseme familia moja inataka picha za harusi. Wa kwanza anasema shilingi 3,000. Wa pili anasikia, anaenda usiku kwa baba ya bwana harusi, anasema 2,000. Wa tatu anasema 1,000 na video juu. Anashinda huyo wa tatu. Haya, tuhesabu pamoja. Ametoa pesa ya bodaboda kwenda na kurudi. Amelipa chaji ya betri. Amenunua bando ya kutuma picha. Akichapisha picha chache, wino na karatasi vinakula zilizobaki. Siku nzima kwenye jua, na siku mbili za kusafisha picha. Mwisho anabaki na pesa ya soda.

Na si yeye tu ameumia. Wale wawili pia wameumia, juu harusi ijayo mteja atasema, "Mbona yule alifanya kwa 1,000?" Bei ikishuka kwetu haipandi tena. Mteja naye ameumia, ingawa hajui bado. Amepata picha za haraka haraka, nusu ya wageni wamekatwa vichwa, na siku hiyo haitarudi. Katika ushindani wa namna hii hakuna aliyeshinda. Ni kama watu watatu wanaovuta godoro moja mpaka linapasuka, halafu wote wanalala chini.

Wengine watasema ushindani ni mzuri, ndio biashara. Nakubali, ushindani wa kazi nzuri ni mzuri. Tushindane nani anapiga picha bora, nani anafika mapema, nani anamheshimu mteja. Lakini ushindani wa nani atakubali kufa njaa zaidi, huo si biashara. Wenye bodaboda wana stendi, wana zamu, wana bei inayojulikana ya kwenda mjini. Hawapendani kuliko sisi, lakini wameelewa hesabu. Kwa nini sisi tulioenda shule tushindwe?

Tukitoka kwa pesa, kuna mambo ya kazi yenyewe ambayo mtu mmoja hawezi. Chukua mwanga. Jua la Kakuma la saa saba mchana mnalijua, hata mbuzi wanatafuta kivuli. Sasa mweke mbele ya kamera kijana wa Sudan Kusini mwenye ngozi nyeusi tii, nyuma yake anga nyeupe na mchanga unaong'aa. Kamera haina akili ya kujua kwamba unataka uso. Inapima mwanga wote kwa pamoja, inaona weupe mwingi, inapunguza. Matokeo: anga imetoka vizuri na mtu amekuwa kivuli. Macho hayaonekani, tabasamu halionekani. Halafu mteja anasema umemharibu, na ana haki.

Ukiongeza mwanga kwenye kamera, uso unatoka lakini anga inaungua. Dawa ni rahisi. Mtu wa pili anasimama pembeni na shuka jeupe, analielekeza juani, mwanga unarudi laini kwenye uso. Macho yanafufuka. Shuka liko kwa kila nyumba, hakuna haja ya kununua riflekta ya Nairobi. Lakini shuka halijishiki lenyewe. Nimeona wapiga picha wenye kamera za bei kubwa wakitoa picha za giza, na vijana wawili wenye simu moja na shuka la mama wakitoa picha ambayo unaweza kuitundika popote. Walikuwa wawili, ndiyo siri yote.

Chukua harusi. Kwetu Wakongomani bibi harusi haingii kama anayekimbilia foleni. Anaingia taratibu, hatua moja mbele, nusu nyuma, mama wanaimba na kutupa vitenge chini. Wakati huo huo bwana harusi amesimama mbele, jasho linamtoka, anajifanya mwanaume lakini midomo inatetemeka. Picha hizo mbili zinatokea dakika ile ile, mahali pawili. Mpiga picha mmoja atachagua moja na kuikosa nyingine. Wawili watapata zote, na familia itakuwa na hadithi kamili. Familia kama hiyo itakulipa na itakuita tena.

Chukua mambo ya wanawake. Kuna nyumba ambazo mimi kama mwanaume siwezi kuingia na kamera, na sitaki kulazimisha. Harusi za dada zetu Wasomali, upande wa wanawake ni wa wanawake. Kuna mama ambaye ana jambo la kusimulia lakini hawezi kulisema mbele ya kijana wa kiume. Kambi ina dada wanaojua kupiga picha, lakini wengi wameacha, juu sisi wanaume tunawaita tu wakati wa kushika begi. Tunapoteza nusu ya maisha ya kambi kwa sababu ya kiburi. Kikundi kisicho na dada ndani yake kina jicho moja tu.

Na chukua lugha. Hapa kwetu kuna watu wa Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Ethiopia, Burundi, Sudan, Rwanda, Uganda, na wenyeji wetu Waturkana. Mpiga picha anafika kwa mzee, anaongea Kiswahili cha haraka, mzee anatingisha kichwa kwa heshima tu, na picha inapigwa. Mzee amekubali nini? Hajui picha itaenda wapi. Labda amekimbia watu ambao bado wanamtafuta. Labda mtoto wake ana kesi ya ulinzi. Ridhaa ya mtu ambaye hajaelewa swali si ridhaa. Lakini kama una mwenzako anayeongea Kidinka, mwingine Kirundi, mwingine Kisomali, mwingine Kiturkana, basi swali linaulizwa kwa lugha ya nyumbani, na mtu anaweza kusema hapana bila aibu. Hilo peke yake linatosha kunifanya niamini ushirikiano. Picha inaweza kumlisha mtu na inaweza kumuua mtu.

Sasa niwape mfano wa mbali kidogo, lakini ni wa watu kama sisi. Endre Friedmann alizaliwa Budapest, Hungaria, mwaka 1913. Gerta Pohorylle alizaliwa Stuttgart, Ujerumani, mwaka 1910. Wote wawili walikuwa Wayahudi. Hitler alipochukua madaraka mwaka 1933, wakakimbilia Paris. Walikuwa vijana, maskini, wageni katika mji wa watu. Huko wakakutana, wakapendana, na wakaanza kufanya kazi ya picha pamoja. Rafiki yao mwingine alikuwa David Szymin, Myahudi kutoka Warsaw, Poland, ambaye watu walimwita Chim.

Mwaka 1936 Endre na Gerta walibuni ujanja. Waliona picha za mkimbizi asiyejulikana zinanunuliwa kwa bei ya chini. Basi wakatunga jina, Robert Capa, ati ni mpiga picha Mmarekani tajiri na maarufu. Wakawa wanauza picha kwa jina hilo. Baadaye Endre akabaki na jina la Robert Capa, na Gerta akajiita Gerda Taro. Wote watatu wakaenda kupiga picha za vita vya Hispania vilivyoanza mwaka huo huo wa 1936.

Hadithi hii ina upande mtamu na upande mchungu, na yote miwili ni somo letu. Upande mchungu: Gerda Taro alikufa Julai 1937, karibu na Brunete, baada ya kugongwa na kifaru. Hakuwa amefika miaka 27. Miaka ikapita, na picha zake nyingi zikahesabiwa kuwa za Capa. Jina lake likafifia. Mwaka 2007 masanduku matatu yaliyokuwa yamepotea, yaliyopatikana Mexico, yalifika New York. Ndani kulikuwa na negativu karibu 4,500 za vita vya Hispania, zilizopigwa na Capa, Taro na Chim. Ndipo watafiti wakaweza kuonyesha waziwazi zaidi ni picha zipi ni za nani. Miaka 70 baada ya kifo cha dada huyo.

Upande mtamu: vita vya pili vya dunia vilipokwisha, Capa na Chim pamoja na Mfaransa Henri Cartier-Bresson na Mwingereza George Rodger walikuwa kati ya walioanzisha ushirika unaoitwa Magnum, mwaka 1947. Wazo lao lilikuwa jepesi lakini zito. Shirika ni mali ya wapiga picha wenyewe. Na haki ya picha inabaki kwa aliyeipiga, haiendi kwa gazeti lililomtuma. Kabla ya hapo, mara nyingi gazeti lilikuwa linachukua picha na mpiga picha anabaki na malipo ya siku moja. Walioanzisha jambo hilo, wawili kati yao walikuwa wakimbizi. Waliona kwamba mmoja mmoja watanyonywa, wakaungana.

Karibu zaidi na kwetu, Afrika Kusini, mwaka 1982 wapiga picha weusi na weupe walianzisha Afrapix, wakiwemo Omar Badsha na Paul Weinberg. Huo ulikuwa wakati wa ubaguzi wa rangi, serikali haikutaka dunia ione. Mtu mmoja na kamera yake alikuwa rahisi kunyamazishwa. Kikundi kilikuwa kigumu zaidi. Walifundishana, walikusanya picha mahali pamoja, walizituma nje. Mmoja wa waliojiunga ni Santu Mofokeng wa Soweto, ambaye alianza kazi kwa kupiga watu picha mtaani, kama vile wengi wetu tunavyofanya sokoni. Baadaye akawa mmoja wa wapiga picha wanaoheshimiwa sana Afrika. Afrapix ilivunjika mwaka 1991. Haikuishi milele, lakini picha zake bado zinaonekana mpaka leo.

Kwa hiyo ninachotoa katika mifano hii ni mambo mawili. La kwanza, kuungana kunafanya kazi, hata kwa watu wasio na nchi. La pili, kuungana bila kuandika majina ni hatari. Ushirikiano usigeuke shimo ambalo jina la mdogo linazikwa ili la mkubwa ling'ae. Kama dada alipiga, iandikwe dada alipiga. Kama kijana alishika shuka, iandikwe naye. Kama lenzi ni ya fulani, atambuliwe. Jina haligharimu kitu, lakini kwa mtu ambaye kila mahali anajulikana kwa namba ya kadi, kuona jina lake chini ya picha ni jambo kubwa.

Najua mnayosema huko. Niwajibu.

Wa kwanza anasema, "Nikimleta mwenzangu, atanichukulia mteja." Inaweza kutokea. Lakini angalia, hata sasa ukiwa peke yako wateja wanachukuliwa kila wiki, tena usiku. Tofauti ni kwamba ndani ya kikundi kuna sheria, na anayevunja anajulikana. Mwizi anapenda mahali ambapo watu hawaongei.

Wa pili anasema, "Vikundi vya hapa vinaisha kwa ugomvi wa pesa." Hapo unasema ukweli na sitakudanganya. Tumeona vikundi vingi vya vijana vilivyoanza na fulana na bango, vikaisha wakati mwenyekiti aliponunua simu mpya. Lakini waulize mama zetu. Wakongomani wana likelemba, Wasomali wana hagbad, Waethiopia wana iqub, Wakenya wana chama. Jina ni tofauti, jambo ni moja: kila mtu anatoa kidogo, kwa zamu mmoja anapata kikubwa. Mama zetu, wengine bila kujua kusoma, wanaendesha pesa hizo miaka na miaka. Siri yao ni nini? Kikundi ni kidogo, wanajuana mpaka mlango, pesa haikai kwa mtu, siku ya kukusanya ndiyo siku ya kugawa. Hakuna stoo ya kuibia. Basi na sisi tusianze na katiba ya kurasa 20 na mhuri. Tuanze na likelemba ya lenzi. Watu sita, kila mwezi kidogo kidogo, mwezi huu flashi ya fulani, mwezi ule betri ya fulani, lakini makubaliano ni kwamba kifaa kinaazimwa ndani ya sita hao.

Wa tatu anasema, "Mimi niko kwenye njia ya kuondoka, nijenge kikundi cha nini?" Hili linaniuma kidogo kulijibu, maana wengi tulikuwa tunaishi na begi mlangoni. Mnajua Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Watu waliokuwa wameshapimwa afya, wengine wameuza vitanda, wakarudi kulala chini. Sisemi usiwe na tumaini. Nasema tumaini lisikuzuie kuishi leo. Na hata ukiondoka, ni afadhali uondoke ukiwa umefundisha wawili. Robert Capa alikufa mwaka 1954 kwa bomu la ardhini Indochina, Chim akauawa mwaka 1956 karibu na mfereji wa Suez. Magnum haikufa nao, ipo mpaka leo, kwa sababu haikuwa ya mtu mmoja.

Tena kuna jambo la kusikitisha kuhusu kuondoka. Kakuma ilianza mwaka 1992. Fikiria picha zote zilizopigwa hapa tangu wakati huo. Mafuriko ya laga, shule za kwanza chini ya mti, mechi za mpira, vizazi vya watoto waliozaliwa hapa. Ziko wapi? Nyingi ziko kwa wageni, nchi za mbali. Nyingine zilikuwa kwenye hadi diski ya kijana aliyeondoka nayo. Nyingine kwenye memori kadi iliyokufa kwa vumbi na joto. Mtoto aliyezaliwa Kakuma 1 akitaka kuona mtaa wao ulivyokuwa, hana pa kuuliza. Mpiga picha mmoja hawezi kutunza historia ya kambi. Kikundi kinaweza, kikiwa na kanuni ndogo tu: kila picha nzuri iwe na nakala tatu, kwa watu wawili tofauti au zaidi, na iandikwe tarehe, mahali, jina la aliyepiga, na kama aliyepigwa alikubali.

Kwa hiyo napendekeza tuanze na haya, bila kusubiri ufadhili:

1. Bei ya chini inayojulikana. Wapiga picha wa eneo moja wakae, wakubaliane kwamba harusi haishuki chini ya kiasi fulani. Anayetaka kumsaidia mteja maskini amsaidie, lakini awaambie wenzake.

2. Harusi ipigwe na wawili. Anayepata mteja ndiye kiongozi wa kazi hiyo na anachukua sehemu kubwa. Wa pili analipwa sehemu iliyosemwa kabla, si baada.

3. Likelemba ya vifaa, watu wachache wanaojuana.

4. Jumamosi moja kwa mwezi ya kuonyeshana picha. Kila mtu alete tatu, nzuri moja na mbaya mbili, wenzake waseme ukweli. Kusifiwa mtandaoni hakufundishi mtu.

5. Kanuni ya watoto na watu walio hatarini. Uso wa mtoto hauendi mtandaoni bila mzazi kuelewa. Mtu aliyekimbia kwa sababu ya usalama hapigwi, hata kama picha ingekuwa nzuri namna gani. Tukikubaliana wote, hakuna atakayesema, "Nisipopiga mimi, mwingine atapiga."

6. Majina. Yote. Kila mara.

Sasa niwageukie ndugu wa mashirika, kwa heshima. Mnafanya kazi ngumu na pesa zimepungua, tunaona. Lakini katika jambo hili mna sehemu yenu. Nimewahi kukuta picha niliyopiga mwenyewe iko ukutani kwenye ofisi moja, chini imeandikwa jina la shirika, langu hakuna. Sikuulizwa, sikulipwa, sikuambiwa. Si mimi peke yangu, uliza kijana yeyote mwenye kamera atakupa hadithi kama hiyo. Mnapofanya hivyo mnatufundisha kuficha. Mtu aliyeibiwa mara moja analala na begi chini ya kichwa.

Pia, mnapochagua kila mwaka kijana mmoja wa kuonyesha wageni, mnamsifu yeye, mnampa kamera yeye, mnatuma yeye kwenye semina, mnafikiri mmesaidia. Kumbe mmepanda wivu. Wengine kumi na wawili wanaona mlango wa kupita mtu mmoja tu, wanaanza kusukumana. Ukitaka kusaidia, mpe kazi kikundi. Siku ya Wakimbizi Duniani, Juni 20, badala ya kuleta mpiga picha kutoka Nairobi kwa ndege, itisheni timu ya hapa, mkubaliane bei kwa maandishi, muandike majina. Kama mnaona kazi yetu haijafika kiwango, mleteni huyo wa Nairobi afanye nasi siku tatu kabla, bega kwa bega. Atajifunza kambi kutoka kwetu, na sisi tutajifunza kazi kutoka kwake.

Na mafunzo yakiisha, kamera zisirudi zote kwenye kabati. Kamera kabatini haifundishi mtu. Ikabidhiwe kikundi kwa daftari, kila anayeichukua aweke saini. Ikiharibika, mtajua nani wa kumuuliza.

Mwisho, mkumbuke kurudisha picha. Mama aliyepigwa picha mwaka juzi kwa ripoti yenu hajawahi kujiona. Kuchapisha nakala moja na kumpelekea hakuhitaji bajeti kubwa. Sisi tuko tayari kuzipeleka kwa miguu, mtaa kwa mtaa.

Wazee wanasema kidole kimoja hakivunji chawa. Methali hii tumeisikia tangu utoto mpaka imekuwa kama wimbo usio na maana. Lakini jaribu kuifanya kwa mkono wako, utaona si mapambo. Kidole kimoja kinasukuma tu, chawa anatembea. Ndivyo tunavyofanya na umaskini wetu, kila mmoja anausukuma kwa mwenzake.

Kwa hiyo kijana mwenzangu, dada au kaka, sikuombi uunde shirika. Nakuomba kitu kidogo. Harusi yako ijayo, mwite mpiga picha mmoja ambaye umekuwa ukimkwepa. Kubalianeni malipo kabla. Mpe upande wa bwana harusi, wewe chukua wa bibi harusi. Mkimaliza, kaeni kivulini muangalie picha zote pamoja, halafu muamue wenyewe kama mtafanya tena.